Kiti Mbele ya Oveni

Kwa-kwa-kwa. Kimya kidogo. Halafu tena, kwa-kwa-kwa, haraka haraka, kama mtu anayebisha hodi ndani ya bakuli.

Nilifumbua macho nikatega sikio. Hakujakucha, dirisha bado lilikuwa jeusi tii. Sauti ilitoka upande wa pili wa ukuta, jikoni kwa jirani, na niliijua hata kabla usingizi haujaniachia vizuri. Ulikuwa mwiko wa mbao unapiga unga. Ukuta wetu ni mmoja na ni mwembamba. Ukikohoa upande huu unaambiwa pole upande ule. Zamani mwiko huo uliniamsha kila nyumba ile ilipokuwa na jambo la kufurahia. Tangu mwenye mwiko alipofariki, ulikuwa umenyamaza.

Nikajitupia shali mabegani, nikatafuta ndara zangu kwa vidole vya miguu, nikatoka.

Jirani yangu huyo ni fundi saa, na mimi namwita shemeji. Hatuna undugu wa damu wala wa ndoa. Mke wake na mimi tulihamia nyumba hizi wakati mmoja, tukagawana kamba ya kuanikia nguo, tukagawana chumvi, tukagawana na homa za watoto, na kabla hatujajua tukawa dada. Basi mumewe akawa shemeji yangu, na binti yao akaniita mama mkubwa mpaka leo.

Chumba chake cha mbele ndicho karakana. Ukutani zimejaa saa za watu, kila moja na wakati wake, maana nyingine zinasubiri kipuri na nyingine zinasubiri mwenyewe akumbuke kuzifuata. Nikapita katikati ya ule mgongano wa tiki-taka, nikafika jikoni.

Shemeji alikuwa amesimama mezani na aproni ya marehemu mke wake, ile ya mistari ya bluu. Kamba zilikuwa hazimfikii nyuma, amezifungia ubavuni. Nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa unga. Miwani yake, ambayo mkono mmoja ulikuwa umelegea siku nyingi akaufunga kwa uzi, ilikuwa imeteremka mpaka ncha ya pua. Juu ya meza alikuwa ametandika kitambaa cheupe, na vyombo amevipanga kama anavyopanga vifaa vya saa: kijiko kikubwa, kijiko kidogo, mwiko, mayai kwa ukubwa wao.

"Shemeji, unapika au unampasua mgonjwa?" nikamuuliza.

"Mgonjwa ameshakufa," akajibu. "Mtazame pale."

Kando ya sinki palikuwa na trei. Juu yake vilikaa vitu vya kahawia, bapa, vimekunjamana, kama vifungo vya koti kuukuu. Nikavitazama muda mrefu kabla sijavitambua.

"Vibuyu?"

"Vilitakiwa kuwa vibuyu."

Vyenyewe huko Ulaya vina jina lake, ambalo ulimi wangu haujawahi kukubaliana nalo. Marehemu alifundishwa na watawa wa Kifaransa akiwa msichana, akaviita vibuyu kwa sababu vikiiva vinakuwa na tumbo tupu. Unavichana, unavijaza krimu ya maziwa na viini vya mayai, unavimwagia chokoleti ya moto juu. Vilikuwa kitamutamu cha nyumba ile. Binti akifaulu mtihani, vibuyu. Jino likitoka, vibuyu. Saa ngumu ikikubali kutembea, vibuyu.

"Ni kwa sababu anakuja?" nikauliza, ingawa nilijua.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua bakuli lililokwisha kuwa safi.

Niseme ilivyokuwa. Binti yake, ambaye tangu utotoni tunamwita Kengele kwa jinsi alivyokuwa akilia, anatengeneza miwani katika duka moja upande wa pili wa mji. Mikono ni ya baba yake kabisa. Aliolewa, akakaa vizuri, kisha ndoa ikavunjika. Wakati huo mama yake alikuwa ameshatutoka. Shemeji akapanda gari akaenda kwa binti, akakaa kwenye kochi lake, akaanza kuuliza. Ilianza lini? Nani alianza? Alisema nini, na wewe ukasema nini? Binti akamwambia, baba, acha. Yeye hakuacha. Kwake yeye kitu kikisimama kinafunguliwa kifuniko, kinatazamwa, kinasafishwa, kinafungwa. Ndivyo alivyoishi. Kesho yake akaenda kazini kwa yule mume, mbele ya wateja, akamuuliza maswali yale yale.

Kengele alipopata habari alimwambia neno moja tu mlangoni: "Usije tena kwangu."

Naye mwenyewe hajaja hapa tangu siku hiyo. Simu anapiga, lakini ananipigia mimi. Anauliza baba amekula, baba amelala, mguu wa baba unamuuma bado. Kila mara namwambia mwenyewe yuko hapa pembeni yangu, nimpe? Anasema hapana, mama mkubwa, mwambie tu. Nimebeba salamu zile kupita ule ukuta mpaka nimekuwa kama posta.

Wiki hii ndiyo akasema, "Jumamosi nitapita asubuhi. Lakini mama mkubwa, akianza kuniuliza, nanyanyuka. Na nikinyanyuka safari hii sitarudi. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia hivyo hivyo. Shemeji akasema, "Nitaufunga mdomo kwa waya." Kumbe akilini mwake alikuwa tayari anatafuta mwiko.

"Sasa kosa liko wapi?" akaniuliza jikoni pale, akinyanyua kimoja cha vile vifungo. "Maji na siagi nimechemsha. Unga nimemwaga wote kwa mara moja, nimekoroga mpaka ukaachana na sufuria. Mayai nimeingiza moja moja. Nimekumbuka kila kitu."

Nami nilikuwa nakumbuka, kwa maana nimekaa katika jiko lile miaka mingi nikimenya hiki na kile, nikimtazama dada yangu. Rojo lake lilikuwa zuri, liling'aa, likaning'inia kwenye mwiko inavyotakiwa. Hata yeye marehemu asingekuwa na neno.

"Ulifungua oveni," nikasema.

"Kidogo."

"Mara ngapi kidogo?"

Akavua miwani akaifuta kwa aproni, ikachafuka zaidi. "Shemeji, utajuaje kazi inaendaje bila kutazama?"

Vibuyu havina hamira. Kinachoviumua ni mvuke wao wenyewe, uliofungiwa ndani. Ukifungua kabla ngozi haijakauka, ubaridi unaingia, mvuke unakata tamaa, navyo vinakaa chini palepale. Na oveni ile ni ya zamani, haina kioo mlangoni. Ama unaiamini ama unafungua. Dada yangu alimjua mume wake. Akishaingiza trei alikuwa anavuta kile kiti chenye mto wa kijani, anakiweka mbele ya mlango wa oveni, anakaa, mgongo kwenye joto, anashika ushonaji wake. Shemeji alikuwa anakuja anazunguka, anajifanya anatafuta kiberiti. "Kiberiti hakipo ndani ya oveni, baba Kengele," alikuwa anamwambia bila kuinua uso. Siku nyingine alimpa mtoto zamu, naye Kengele, miguu haifiki chini, alikuwa akikaa pale amenuna kama askari wa benki.

"Washa tena moto," nikamwambia shemeji. "Mimi nina mayai."

Nikarudi kwangu kuchukua. Nikanawa uso, nikanywa chai, nikachukua na maziwa kwa ajili ya krimu. Niliporudi alikuwa ameshapika rojo la pili kwa mayai yaliyosalia mezani na trei imeshaingia. Yeye alikuwa amesimama wima kando ya oveni, mikono nyuma, kama mtoto aliyelamba sukari.

"Umefungua," nikasema.

"Sikufungua. Nimeachia mwanya tu."

"Mwanya wa kupita nini?"

"Wa kupita jicho."

Tukatoa trei. Vifungo vya koti tena, safari hii vya koti la mtoto.

Sikumcheka. Alikivuta kile kiti cha mto wa kijani kutoka chini ya meza, akakiweka katikati ya jiko, akashindwa kukikalia. Akashika tu mgongo wake.

"Nilikuwa nadhani atakapoingia akute harufu," akasema. "Akishakuta harufu, labda hata sitahitaji kusema kitu. Mimi nikisema naharibu. Nikinyamaza pia sijui kunyamaza. Mwenzangu ndiye aliyekuwa anajua."

"Tunayo mayai ya kujaribu mara moja tu," nikamwambia. "Nitakaa mimi kwenye kiti."

Basi akaanza upya. Kulikuwa kunakucha, mwanga wa kijivu ulikuwa unashuka kwenye kabati. Alipima siagi kwa ule uangalifu wake wa kibano, akachemsha, akamwaga unga, akakoroga mpaka mishipa ya mkono ikamsimama. Mimi nikawa upande wa pili nakoroga krimu kwa moto mdogo isishike chini. Alipokuwa anapanga vijirojo kwenye trei kwa kijiko, kila kimoja sawa na mwenzake, ndipo mlango wa karakana ulipogongwa.

"Hodi."

Tukatazamana. Alikuwa amesema asubuhi, nasi tukadhani asubuhi ya watu. Kumbe alitoka nyumbani giza bado halijaondoka.

"Karibu!" nikapaza sauti.

Kengele akaingia jikoni na mkoba wake begani. Amekonda kidogo. Nywele amezikata, zinampendeza. Akanikumbatia mimi kwanza, akaninong'oneza, "Shikamoo, mama mkubwa," kisha akamgeukia baba yake, akasimama mbali naye, meza ikiwa katikati.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Je..." akaanza.

Nikamkazia macho. Kengele naye akakaza mkono kwenye mkanda wa mkoba.

"Je, siagi," shemeji akasema, "umeiona siagi?"

Siagi ilikuwa mbele yake. Kengele akaitazama, akamtazama baba yake, nyusi zile nyeupe, aproni iliyofungwa ubavuni. Macho yake yakaenda kwenye sinki, kwenye trei zile mbili za vifungo. Akanyanyua kimoja, akakigeuza geuza kama lenzi yenye kasoro.

"Umechungulia," akasema.

"Kidogo."

"Baba! Trei zote mbili?"

"Ya pili alichungulia kwa jicho moja," nikamtetea.

Hakucheka, lakini pua ilimtanuka kama mama yake akizuia kicheko. Akaweka mkoba juu ya kabati. Akanawa mikono. Akachukua ile trei ya tatu, akaigongesha kidogo mezani, akaiingiza kwenye oveni, akafunga mlango kwa goti. Halafu, bila kumuuliza mtu, akakivuta kiti chenye mto wa kijani, akakiweka mbele ya oveni, akakaa.

Miguu sasa inafika chini.

Shemeji akabaki amesimama hana pa kutazama. Akaenda kwenye rafu, akapekua pekua.

"Kiberiti hakipo humu ndani, baba," Kengele akasema.

Nilijifanya nakoroga krimu. Krimu ilikuwa imeshaiva.

Ule muda wa kusubiri ulikuwa mrefu. Saa za karakana zilikuwa zinagombana huko mbele, moja ikapiga, nyingine ikaijibu imechelewa. Shemeji akakaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa, karibu na magoti ya binti yake, kwa sababu jiko ni dogo na hapakuwa na pengine. Nilimwona maswali yanampanda. Yanafika shingoni, anayameza. Yanapanda tena, anajikohoza. Alijaribu kusema kuhusu mvua, akakumbuka haikunyesha. Nilimwonea huruma kwa kweli. Mtu ambaye kazi yake maisha yote ni kujua kilichosimamisha kitu, amekaa mbele ya mtoto wake mwenyewe na mikono mitupu mapajani.

Kengele alikuwa akimtazama tu. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo miwani."

"Inafaa tu hivyo hivyo."

"Umeifunga kwa uzi, baba. Mimi natengeneza miwani, wewe unatembea na uzi. Watu wakikuona watasema nini?"

Akamvua mwenyewe, taratibu. Shemeji, bila miwani, alionekana mzee ghafla. Kengele akakata uzi kwa meno. Akachukua bisibisi nyembamba iliyokuwa kwenye kile kitambaa cheupe, maana shemeji hawezi kutandika kitambaa asiweke na bisibisi, akatoa skrubu ndogo kwenye kopo mkobani mwake. Akakaza. Akaijaribu mikono ya miwani, ikafunguka na kufunga kwa upole. Akaifuta kwa upindo wa blauzi yake, akamvisha baba yake, akarudisha nyuma unywele uliokuwa umenasa sikioni.

Shemeji akampigapiga goti mara moja, akarudisha mkono wake.

Harufu ikaanza. Ya siagi kwanza, halafu ya ganda linaloiva. Iliingia mpaka karakana, nadhani, kwa sababu mtu aliyekuja kuulizia saa yake alisimama mlangoni akasema, "Jamani, leo mna nini humu?" Nikaenda nikamwambia arudi baadaye kidogo, na hatapoteza kwa kurudi.

Niliporudi jikoni Kengele alikuwa ameinama mbele, viwiko magotini, anaongea na vidole vyake.

"Siku ile uliniuliza kwa nini," alikuwa anasema. "Ukauliza tena na tena. Baba, mimi nilikuwa sijui. Ndiyo maana nilikasirika. Hakunipiga, hakuwa na mtu mwingine, hakulewa. Tulikuwa tunaamka asubuhi tunapishana jikoni kama wapangaji. Ningekujibu nini? Nilikuwa najiuliza mwenyewe usiku na mchana, halafu na wewe ukaja ukaniuliza kwa sauti."

Nilisimama pale kizingitini nikamwombea shemeji asikosee. Niliona mdomo wake unafunguka. Nikaona "kwa nini" imekaa pale kwenye ulimi, tayari kabisa.

"Ziko saa zinaletwa," akasema polepole, "nafungua, kila kitu ndani ni kizima. Zimesimama tu. Huwa namrudishia mwenyewe, namwambia sijui."

"Wanakubali?"

"Wengine wanagomba." Akafikiri. "Mimi ningegomba."

Hapo ndipo Kengele alipocheka. Alicheka mpaka kiti kikayumba, kile kicheko chake cha kuita watu, na shemeji akacheka kwa sababu yeye anacheka. Nami nikafuta macho kwa shali, nikasingizia moshi, ingawa moshi haukuwepo.

"Sasa," Kengele akasema, akasimama, akasogeza kiti. "Njoo ufungue wewe."

"Mimi?"

"Vimeshakauka. Nasikia harufu. Fungua."

Shemeji akaufungua mlango ule kama anayefungua saa ya dhahabu ya mtu mwingine. Vilikuwa vimesimama vyote, vimetuna, rangi ya asali, vimepasuka juu kidogo kidogo. Hakuna kilicholala.

"Sasa vitoboe, baba. Mvuke utoke."

Akaiosha ile bisibisi, akaikausha, akakitoboa kila kimoja ubavuni tundu dogo sana. Kila kimoja kilitoa pumzi. *Fss.* Akakitegea sikio cha kwanza, cha pili, akatabasamu kama amesikia saa inaanza kutembea.

Tukavijaza. Kengele alivichana, mimi nikatia krimu, shemeji akamwaga chokoleti juu kwa kijiko kidogo, na akawa anakasirika chokoleti ikiteremka upande mmoja. Tukala tumesimama, kwenye visahani visivyofanana. Krimu ilimshika Kengele puani na hakuna aliyemwambia mpaka alipojiona kwenye kioo cha saa ya ukutani. Yule mteja alirudi, akapewa chake, akasahau kuchukua saa. Shemeji alianza mara moja, "Na sasa unakula nini jioni, unakula pe..." nikamkanyaga mguu chini ya meza. Kengele aliona. "Mwache, mama mkubwa," akasema. "Hilo aulize. Nakula mkate, baba. Mkate na mayai."

Jua lilipopanda, alisema anatakiwa kazini. Shemeji alimfungia vilivyobaki kwenye boksi la saa ya mezani, akaweka karatasi laini chini na juu visigongane njiani. Tukamsindikiza mpaka mlango wa mbele. Nilijua shemeji anataka kumwuliza atarudi lini, na nilijua amekwisha kuapa kutouliza. Alishika kitasa. Alikiachia. Akarekebisha miwani iliyokuwa haihitaji kurekebishwa.

Kengele alishuka ngazi, akafika chini, akasimama na boksi lake kifuani. Akageuka.

"Baba," akasema, "kwangu kuna oveni haijawahi kuwashwa tangu niinunue. Jumamosi ijayo njoo tena kwangu. Na mama mkubwa abebe kiti."